Ufunguo wa biro hautumwi mu grupu ya WhatsApp

Tuanze na kitu ambacho wengi wenu mulishakiona. Ni siku ya yenga, magaribi. Telefone inalia. Mu grupu ya WhatsApp ya kazi mukubwa ameandika: « Neno jipya la kuingia mu serveri ni hili. Kila mutu alitumie, rapport ya mwisho wa mwezi isichelewe. » Chini yake watu kumi wanajibu: « Merci chef. » Hakuna anayeuliza: mu grupu hii tuko wangapi? Nani alishaacha kazi miezi sita sasa na bado yuko humu? Telefone ya nani iliibiwa ku Birere wiki iliyopita?

Hivi njo makampuni mengi ya kwetu, na mashirika, na hata hospitali, wanavyowafungulia wafanyakazi njia ya kufanya kazi kutoka mbali. Ufunguo moja, watu arobaini. Na siku kitu kinapotea, mukubwa anatafuta mutu wa kushitaki, na kila mara anayepatikana ni mudogo.

Tunasema wazi: kumupa mufanyakazi njia salama ya kuingia mu mashini za kazi akiwa nyumbani si zawadi, si mambo ya Ulaya, na si kazi ya kumutupia stajere. Ni deni la mukubwa wa kazi. Na sheria ya kwanza ya njia hiyo ni fupi: kila mutu awe na ufunguo wake, wenye jina lake, na unaoweza kufutwa peke yake.

Nilichokiona

Mimi ninayeandika natengenezaka ordinateri na rezo hapa Goma. Miaka michache iliyopita kampuni moja ya biashara iliniita asubuhi mapema. Sitaitaja. Faili zote za kontabilite zilikuwa zimefungwa kwa kode. Mu kila folda kulikuwa barua moja tu, ya Kiingereza, inayoomba makuta. Mukubwa alikuwa amekwisha kupata mwenye kosa: dada kontable, juu jina lililoonekana mu serveri usiku ule lilikuwa lake.

Nikamuuliza: « Papa, jina hili linatumiwa na nani? »

Akajibu bila shida: « Na watu wote wa kontabilite. Na kijana wa depo. Na mimi pia. »

Walikuwa sita. Watu sita, jina moja, neno moja la siri, ile tunaita mot de passe, na neno lenyewe lilikuwa jina la kampuni pamoja na mwaka. Mashini ilikuwa wazi mbele ya dunia nzima, sababu mutu fulani aliwahi kufungua mulango wa Remote Desktop mu router ili mukubwa aangalie stock akiwa safarini, kisha akasahau kuufunga.

Nilimuonyesha adresi zilizokuwa zinagonga ule mulango: mara maelfu, usiku na muchana, kutoka inchi ambazo dada yule hajawahi kukanyaga. Mukubwa alisikiliza, akatikisa kichwa. Lakini dada hakurudi ku kazi. Hakuna aliyeweza kuhakikisha kwamba ni yeye, na hakuna aliyeweza kuhakikisha kwamba si yeye. Hapo njo ubaya wa ufunguo wa watu wote: siku ya shida hauwezi kumutetea asiye na kosa.

Kazi ilihama mbele tujipange

Kwetu hapa wengi hawakuchagua kazi ya mbali kwa kupenda. Ilitukuta. Tarehe 24 mwezi wa 3 2020, juu ya Corona, Rais alitangaza hali ya dharura. Kule Kinshasa, Gombe ikafungwa tangu tarehe 6 ya mwezi uliofuata, na Gombe njo komine ya mabenki na mabiro. Watu walirudi nyumbani na ordinateri ku kwapa. Tarehe 22 mwezi wa 5 2021 Nyiragongo ilitoa moto usiku. Siku tano kisha, gavana akaamuru kartie 10 za Goma zitoke. Watu wakaenda Sake, Minova, Bukavu, wengine ngambo ya mupaka ku Rubavu. Mwisho wa mwezi wa 1 2025 vita viliingia Goma. Mabenki yakafunga, ndege zikaacha kutua, na watu wa kazi za biro wakasambaa tena: Kinshasa, Bujumbura, Kampala.

Kila mara ni hadithi moja. Kontable yuko mbali, mishahara ya wenzake inangoja sahihi yake, serveri iko mu biro iliyofungwa. Basi wanamupigia simu kijana wa informatiki: « Kaka, tufungulie tu, tutapanga kisha. » Anafungua. Na ile « tutapanga kisha » haifiki. Miaka mitano inapita, mulango uko vilevile.

Hatumulaumu kijana aliyefungua usiku ule. Alisaidia mishahara itoke. Tunamulaumu mukubwa ambaye kisha ya miaka mitano bado hajatoa hata siku moja ya kurudi kupanga.

« Nani anatujua sisi? »

Ukiwaambia wakubwa hatari hii, jibu ni moja: « Sisi ni wadogo, nani huko Urusi anatujua? » Ndugu, hakuna mutu anayekujua. Mwizi wa mutandao hatafuti jina lako, anagonga kila mulango na kuingia mahali panapofunguka. Tangu 2013 wachunguzi wa chuo kikuu cha Michigan, Marekani, walionyesha programu yao ZMap: kwa ordinateri moja yenye intaneti ya nguvu, inagonga adresi zote za IPv4, miliari 4 na zaidi, kwa dakika chini ya 45. Mbele uende Sake na moto na urudi, mutu amekwisha kugonga mulango wa dunia nzima, wa kwako ndani yake.

Na wakubwa pia wanaanguka. Mwezi uleule wa Nyiragongo, mwezi wa 5 2021, kampuni ya Marekani inayoitwa Colonial Pipeline ilifunga bomba lake la mafuta, lile linaloleta karibu nusu ya mafuta ya upande wa mashariki ya inchi ile. Watu walipanga foleni ku stasio kama vile sisi tunapangaka. Wezi waliingia wapi? Mu VPN ya kampuni, kwa konti moja ya zamani ambayo hakuna mutu alikuwa anaitumia tena lakini hakuna aliyeifuta. Kulikuwa neno la siri peke yake, bila kode ya pili. Kampuni ililipa dola karibu milioni 4,4. Serkali yao ilirudisha sehemu moja tu.

Angalieni vizuri mufano huu. Wale walikuwa na VPN. VPN ilikuwepo, ilikuwa inafanya kazi. Kilichokosekana ni mutu wa kufuta konti isiyotumiwa tena, na kode ya pili ku mulango. Njo maana tunakataa wale wanaouza VPN kama dawa ya kienyeji, unakunywa mara moja na unapona. Mulango salama ni kazi ya kila mwezi.

Mufano mwingine unatugusa karibu zaidi. Mwezi wa 1 2022, Musalaba Mwekundu wa kimataifa, CICR, ulitangaza kwamba wezi wa mutandao waliingia mu serveri zake na kufikia habari za watu zaidi ya 515 000. Watu gani? Waliotengana na jamaa zao juu ya vita, ya uhamaji au ya maafa, waliopotea na wanaotafutwa, wafungwa. Shimo walilopitia lilikuwa linajulikana; dawa yake ilikuwepo, lakini haikuwa imewekwa mu mashini ile kwa wakati. Sasa fikirieni inchi yetu: liste ya wakimbizi wa kambi moja, majina ya wanawake waliobakwa wanaotibiwa mu hospitali moja, adresi za wafanyakazi wa shirika moja. Karatasi kama hizo zikitoka mu muji wenye silaha, kinachopotea si makuta peke yake. Mutu anaweza kufuatwa mpaka ku nyumba yake.

Mulango mzuri uko namna gani

Sasa tuache malalamiko, tuseme kazi. Kampuni ya watu 10 au 50 inaweza kuwa na mulango mzuri mu wiki moja, na bila kununua mashini ya dola elfu.

Kwanza, karatasi na kalamu. Andikeni majina ya wote wanaohitaji kuingia kutoka mbali, na mbele ya kila jina, anahitaji nini. Kontable anahitaji kontabilite. Mutu wa depo anahitaji stock. Dereva hahitaji kitu. Mutashangaa: mara nyingi watu 40 wana neno la siri na wanaolihitaji ni 7.

Pili, fungeni ile milango iliyo wazi. Remote Desktop yenyewe si mbaya, inasaidia sana mahali intaneti ni dhaifu, juu faili inabaki ku biro na unaona tu picha yake. Ubaya ni kuiweka barabarani. Iwekwe nyuma ya tuneli, ionekane tu na yule aliyekwisha kuingia.

Tatu, tuneli yenyewe. Leo kuna WireGuard, programu ya bure, kode yake iko wazi, iliingizwa ndani ya Linux mwezi wa 3 2020. Kazi yake tuieleze kwa urahisi. Kila mashini inajitengenezea funguo mbili. Moja ni ya siri na haitoki ndani ya mashini ile hata siku moja. Ingine ni ya wazi, inapewa serveri. Serveri ina liste: ufunguo huu wa wazi ni wa dada Aline, huu ni wa kaka Patient, tuseme ndio majina yao. Asiye mu liste hajibiwi kitu. Mbele yake ni kama hakuna mulango. Aline akiibiwa telefone, unafuta mustari moja, kisha unamutengenezea mwingine. Patient hasumbuliwi, na hakuna neno jipya la kutuma mu grupu.

Kwa sisi wa mega za kuhesabu, kuna mambo mawili mazuri zaidi. Unaweza kupanga kwamba kazi peke yake njo inapita mu tuneli, na video yako ya YouTube inapita njia yake, haili intaneti ya biro. Na ukitoka ku Airtel ukaingia ku Vodacom, au umeme ukarudi ukashika Wi-Fi ya nyumba, tuneli inakufuata, haikuambii uanze upya.

Kuna shida moja ya kwetu ambayo vitabu vya Ulaya havisemi sana. Mara nyingi intaneti tunayopewa haina adresi yake mwenyewe. Tunagawana adresi moja na watu mamia, kama kartie nzima yenye sanduku moja la posta. Mutu wa nje hawezi kufika ku serveri yako. Vijana wengi wanaachia hapo na kurudi ku TeamViewer ya bure yenye neno moja la wote. Musiachie hapo. Kodini serveri ndogo ya nje yenye adresi yake, ziko za kuanzia dola 5 hivi kwa mwezi. Mashini ya biro inaipigia hiyo, mufanyakazi naye anaipigia hiyo, wanakutana pale. Dola 5 ni bia ngapi za mukubwa? Yeye mwenyewe ahesabu.

Nne, kode ya pili. WireGuard inatambua mashini, haitambui kidole kilicho juu yake. Mutoto wa jirani akishika ordinateri iliyo wazi, tuneli itamupokea. Njo maana ku mulango wa ndani, ku email na ku kontabilite, kuwe kode inayobadilika kila sekunde 30 mu programu ya telefone. Haiombi mega, haiombi rezo. Ni bora kuliko kode ya SMS. SMS inategemea SIM, na SIM inaweza kutengenezwa upya na mwizi aliyejifanya wewe. Tena sisi wa mipakani tunajua: ukivuka barrière, SMS ya banki inakungoja upande mwingine.

Tano, siku mutu anaacha kazi, ufunguo wake unafutwa siku ileile, mbele hata hajanywa soda ya kwaheri. Si juu ya kumushuku. Ni juu ya kumulinda: kisha ya siku ile, lolote likitokea, jina lake halimo.

Sita, serveri ipewe dawa zake kila mwezi, na kopi za faili zifanywe mara kwa mara. Kopi moja ikae mu disiki isiyounganishwa na rezo, mahali pengine kabisa. Kama ile kampuni yangu ingekuwa na disiki moja mu kabati, barua ya Kiingereza ingesomwa kwa kicheko.

Na umeme? Ndiyo, serveri bila umeme ni sanduku. Lakini serveri ndogo ya tuneli haili umeme mwingi. Betri na inverter ile inawashaka televizyo ya salon ya mukubwa inaweza kuibeba usiku kucha.

Si ile VPN ya Play Store

Hapa tunawaongelesha nyinyi vijana, sio wakubwa. Neno VPN tulilijua mu siku za kufungiwa. Mwezi wa 1 2015 intaneti ilikatwa. Tangu tarehe 31 mwezi wa 12 2018, kisha ya uchaguzi, ilikatwa tena siku kama 20. Tukazoea: Facebook ikifungwa, pakua VPN ya bure, endelea. Sasa kijana akisikia « VPN ya kazi », anafikiri ni ile ile.

Si ile. VPN ya kazi inakuingiza mu biro yako, na mwenye serveri ni kampuni yako. Ile ya bure inapitisha kila kitu chako ku serveri ya mutu usiyemujua, ambaye analipa intaneti ile na hakuombi hata franka moja. Jiulize anapata nini. Siku ambayo mutandao wa kijamii umefungwa inaweza kukusaidia, hatukatai. Lakini isikae mu telefone ileile unayoingilia mu kontabilite ya watu.

Na tusidanganyane: VPN yoyote inahitaji barabara. Wakifunga tovuti moja, unaizunguka. Wakikata intaneti yote, tuneli haina mahali pa kupita. Njo maana kampuni yenye akili inaandika pia nini kitafanyika siku ya giza: nani ana kopi ya liste ya mishahara, nani ana ruhusa ya kulipa kwa mukono, na sahihi ya nani inatosha.

Kulinda mulango si kuchungulia chumba

Kuna wakubwa ambao ukiwaambia habari ya tuneli, macho yanang'aa kwa sababu mbaya. « Kumbe nitaona kama wanafanya kazi! » Wanataka picha ya ekrani kila dakika kumi, wanataka kuweka programu mu telefone ambayo mufanyakazi alijinunulia kwa makuta yake.

Hapana. Katiba yetu, artikle 31, inampa kila mutu haki ya maisha yake ya siri na ya siri ya mawasiliano yake. Na tangu tarehe 13 mwezi wa 3 2023 inchi ina Code du numérique, Ordonnance-loi n° 23/010, yenye sheria za kulinda habari za watu binafsi. Sheria hiyo inawahusu wakubwa mara mbili: wanapaswa kulinda habari za wateja wao, na hawawezi kukusanya habari za wafanyakazi vile wanataka.

Serveri inaweza kuandika nani aliingia saa ngapi na alifungua faili gani ya kazi. Hiyo ni sawa, kwa sharti mufanyakazi aambiwe. Orodha hiyo hiyo ingemuokoa dada yetu wa kontabilite. Lakini picha za watoto wako, ujumbe wako na mama yako, mahali ulipolala jana, havimuhusu. Akitaka mashini ya kuchunga, anunue mashini ya kazi. Kukuomba utumie telefone yako, mega zako na umeme wako, kisha akuchungulie humo, ni kukutoza kodi ya kufanya kazi.

« Lakini ni bei, lakini ni ngumu »

Tunajua majibu, tuyajibu moja kwa moja.

« Hatuna makuta. » WireGuard ni bure. Programu za kode ya pili ni bure. Kinachobaki ni serveri ndogo, disiki moja, na siku chache za kijana anayejua kazi. Umulipe huyo kijana. Inchi hii imejaa vijana wenye diploma ya informatiki wanaouza unités chini ya parasoli, na makampuni yanayosema hayapati mutu.

« Wafanyakazi wetu hawaelewi. » Mama anayetuma M-Pesa kila siku anaelewa kode ya siri kuliko mukubwa wengi. Mukae naye saa moja, mumuonyeshe kwa Kiswahili, mara mbili. Wengi hawakatai usalama. Wanakatishwa tamaa na kuambiwa mambo kwa Kifaransa cha kitabu, mara moja, kwa haraka.

« Tulikuwa hivi miaka yote na hakuna kilichotokea. » Huwezi kujua. Mwizi mwerevu haachi barua siku ya kwanza. Na hata kama ni kweli, ni kweli mpaka usiku mumoja.

Kuna neno moja lao ambalo tunalikubali: hakuna mulango usiovunjika. Telefone ikiwa na virusi, tuneli itamubeba mwizi mpaka ndani kama abiria mwema. Ndiyo. Njo maana kila mutu anaingia chumba chake peke yake, ili mwizi akipita kwa kijana wa depo, aishie ku depo.

Tunachoomba

Kwa wakubwa wa makampuni, wa mashirika na wa hospitali: mu mwezi huu, futeni neno la siri la watu wote. Mupe kila mutu ufunguo wake. Mulipe mega za kazi kama vile munalipa mafuta ya gari ya kazi. Na musifukuze mutu juu ya konti ambayo watu sita wanaitumia. Hiyo si ushahidi, ni aibu yenu wenyewe.

Kwa vijana wa informatiki: mukiombwa « fungua tu, tutapanga kisha », fungueni kama maisha ya watu yanahitaji, lakini andikeni tarehe ya kufunga na muitume kwa mukubwa kwa maandishi. Musibebe peke yenu kosa ambalo mulilazimishwa.

Kwa wafanyakazi: musikubali kutumia jina la mutu mwingine, hata mukiambiwa ni kwa muda. Musimupe mutu lenu, hata mukubwa. Kukataa kwa heshima kunawezekana: « Chef, nitengenezewe langu, nitafanya kazi leoleo. »

Na kwa wote, siku ya kwanza asubuhi mukifika ku kazi, muulize maswali matatu tu. Ni watu wangapi wanaweza kuingia mu mashini zetu kutoka nje? Nani kati yao alishaacha kazi? Na nikiibiwa telefone yangu leo magaribi, nani atafuta ufunguo wangu, na atachukua saa ngapi?

Kama hakuna anayejua jibu, basi mulango wenu uko wazi. Na siku mutu atapita humo, wataanza kutafuta jina. Hakikisheni mapema kwamba jina hilo haliwezi kuwa la mutu asiye na kosa.